Upatu wa watu watatu na daftari la binti yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba sisi tuliolizwa na upatu wa simu, ule wa kutoa hela kisha kuleta wengine watoe ndipo ulipwe, tumeponzwa na tamaa. Tamaa nilikuwa nayo, sikatai, maana bati za jikoni zinavuja. Lakini kuna jambo hakuligusa, nami limenikaa kooni.

Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Mikindani. Nakaanga kwenye debe lililotobolewa, nabangua, namenya, nafunga vipakiti, nauza stendi. Ukiniona vidole vimebabuka ujue ni mafuta ya maganda. Hata upake majivu, yanakupata tu. Shule niliishia darasa la saba.

Wanawake kumi na wawili tuna kibubu chetu. Wiki ya kwanza unatia shilingi 500, ya pili 1,000, ya tatu 1,500, kila wiki unaongeza jero, mpaka wiki ya 52 unatia 26,000. Mwaka wa kwanza tulianza Novemba, hela za msimu zikiwa mkononi, tukawa tunatia jero jero kwa maringo. Ilipofika Agosti unadaiwa 20,000 kwa wiki na korosho ghafi zimekwisha ndani. Watano wakaachia njiani. Mwaka uliofuata bibi mmoja akasema: jamani, si tuugeuze? Novemba tuanze na 26,000, tushuke kwa jero, hiyo Agosti itukute kwenye vidogo. Tukabishana jioni nzima kama tutapata kilekile.

Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Akasema, mama, shika wiki ya kwanza na ya mwisho: 500 na 26,000 ni 26,500. Ya pili na ya 51: 1,000 na 25,500, ni 26,500 tena. Kila jozi inatoka hivyohivyo, kwa sababu huku unapanda jero na kule unashuka jero. Wiki 52 ni jozi 26. Mara 26,500, ni 689,000. Uanzie juu, uanzie chini, jumla haitikisiki. Tukaugeuza, na mwaka huo hakuna aliyeachia.

Sasa upatu. Nilitoa 20,000, nikaambiwa nilete watu watatu. Kila mmoja akitoa 20,000 yake, mimi napewa 40,000 na inayobaki ni ya “ofisi”. Ofisi yenyewe sikuwahi kuiona. Nilipata wawili, wa tatu nikamtafuta mpaka Naliendele. Kila niliyemgusa alikuwa tayari ameingia, au naye anatafuta watatu wake. Kundi likafungwa usiku mmoja, simu hazipokelewi.

Nililia kidogo, kisha nikamwita binti yangu. Akafungua daftari la hisabati, ukurasa ule wa kibubu, akageuza karatasi moja tu. Yako hapohapo, Mhariri! Upande mmoja mifuatano inayokwenda kwa kujumlisha, wa pili inayokwenda kwa kuzidisha, yote kwa Kiingereza na herufi tupu. Kanuni anazikariri kama kasida, ila hakuwa amejua kwamba ukurasa wa pili ndio ulionila mimi.

Nikamwaga korosho mkekani, tukazipanga. Juu moja, yule aliyeanzisha. Chini yake tatu. Kisha tisa. Kisha 27. Hesabu walio juu: moja na tatu na tisa, 13. Walio chini kabisa ni 27, mara mbili ya wale wote, na mmoja wa ziada. Tukaongeza mstari, 81. Juu yao sasa ni 40. Mara mbili tena, na mmoja wa ziada! Niliomba turudie, tukarudia, ikawa vilevile. Maana yake mistari ikijaa, kundi livunjike leo au mwakani, mstari wa mwisho hauna wa kuwaleta, na mstari huo ni watu wawili katika kila watatu. Hata mwenye kundi awe mcha Mungu, hesabu yake ndiyo hiyo.

Na mistari yenyewe haichelewi. Tuseme kila wiki unajaa mmoja. Wiki ya saba wanatakiwa wapya 2,187, wanapatikana. Wiki ya 13 wanatakiwa 1,594,323, na sensa ya 2022 ilitukuta mkoa mzima wa Mtwara watu 1,634,947, vichanga wakiwemo, na hapo sijawatoa walioingia mwanzo. Wiki ya 14 unataka 4,782,969. Mtwara na Lindi tukiunganishwa hatufiki milioni tatu.

Kwa hiyo huyo msomaji aniite mwenye tamaa, sawa. Aseme na hili pia. Na walimu wetu wa hisabati nawaomba wakifika kwenye mada hiyo waanze na kibubu na upatu kwa Kiswahili, hizo herufi zije baadaye. Korosho za kupanga mezani Mtwara hazikosekani.

Jumapili alikuja kijana hapa barazani. Shikamoo mama, kuna kitu kipya, si kama kile cha zamani, hiki unaleta watu wawili tu. Nikapanga korosho: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Juu 15, chini 16. Nikamuuliza, mwanangu, hawa kumi na sita watalipwa na nani? Akasema mtandao wao hauna mwisho. Nikamwambia azile hizo kumi na sita, nina debe jikoni linaungua.

Mbanguaji korosho,
Mikindani, Mtwara