Kasi Unayoilipia na Kasi Inayomfikia Mgeni: Kuandaa Wi-Fi ya Kuaminika Hotelini

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenye hoteli karibu yote hufanana: wageni wanasema intaneti ni ya polepole, kwa hiyo hoteli inataka kuongeza kasi kwa mtoa huduma wake. Ombi hilo linaeleweka, lakini hatulitekelezi kabla ya kupima, kwa sababu kasi inayoingia jengoni na kasi inayomfikia mgeni aliyepanga chumba cha mwisho wa korido ni vitu viwili tofauti, na kati yake kuna kebo, swichi (vifaa vinavyogawa mtandao kwa kebo nyingi), kuta, milango na mawimbi yanayogombewa na simu za watu wote waliomo. Hoteli inaweza kulipia laini yenye kasi mara mbili ya ile ya awali, na mgeni yule yule asione tofauti yoyote.

Kazi yetu basi huanza kwa vipimo viwili ambavyo hata meneja anaweza kuvifanya mwenyewe. Kompyuta mpakato huunganishwa kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta saa tatu usiku, hoteli ikiwa imejaa, na kasi yake hupimwa. Kisha kipimo hicho hurudiwa kwa Wi-Fi juu ya kitanda cha chumba kilicho mbali zaidi, mlango ukiwa umefungwa. Tunasisitiza mlango ufungwe kwa kuwa fundi anayepima akiwa amesimama kwenye korido hupata matokeo mazuri ambayo hakuna mgeni atakayeyapata. Kasi ikiwa nzuri kwenye kebo na mbovu kitandani, tatizo limo ndani ya jengo, na kumlipa mtoa huduma zaidi hakutalitatua. Ikiwa mbovu kote, laini imezidiwa, au imeachwa itumiwe na wachache bila kikomo.

Korido si mahali pa kurushia mawimbi

Njia ya bei nafuu ya kusambaza Wi-Fi hotelini ni kupachika vifaa vya kurushia kwenye dari ya korido, kwa sababu kebo huwa chache na mafundi hawaingii vyumbani. Tatizo ni kwamba vyumba vingi vya hoteli vimejengwa bafu likiwa karibu na mlango, hivyo kabla ya kufika kitandani mawimbi hulazimika kupenya mlango, vigae, mabomba ya maji na kioo kikubwa ambacho utando wake wa metali huyarudisha yalikotoka. Wakati huo huo, ndani ya korido yenyewe hakuna kizuizi chochote, kwa hiyo vifaa vilivyopangwa kwa mstari mmoja husikiana vizuri kutoka mwisho hadi mwisho, na vile vinavyotumia chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, hulazimika kungojeana kila kimoja kinapotaka kutuma. Matokeo yake ni kinyume kabisa cha kinachohitajika: vifaa vinasikiana kupita kiasi, na mgeni anavisikia kwa shida.

Hapo ndipo masafa ya mawimbi, yanayopimwa kwa gigahezi, yanapokuwa na maana. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11, na hizo hugombewa pia na Bluetooth na oveni za maikrowevu. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida. Watu wengi huihesabu sifa hiyo kuwa kasoro, ilhali kwa hoteli ni faida kubwa, mradi kifaa kiwe ndani ya chumba: ukuta huzuia mawimbi ya chumba kimoja yasivuruge cha jirani, na chaneli ile ile huweza kutumika tena vyumba vichache mbele. Ndiyo maana katika jengo lenye kuta za zege sisi hupendekeza vifaa vidogo vya ukutani, kimoja kwa kila chumba au kwa kila vyumba viwili, vinavyorusha kwa nguvu ndogo na kupata umeme kupitia kebo ile ile ya data. Kebo hiyo isizidi mita 100 kutoka kwenye swichi, jambo linalomaanisha kwamba jengo refu linahitaji swichi zaidi ya mahali pamoja.

Hoteli isiyoweza kugharamia hayo hushawishika kuongeza nguvu ya vifaa ilivyo navyo, na hili ni kosa linalojificha vizuri. Simu ya mgeni ina antena ndogo na nguvu kidogo, na haiwezi kuongezewa kutoka upande wa hoteli. Ni kama mtu anayehutubiwa kwa kipaza sauti naye akalazimika kujibu kwa mnong'ono. Alama ya Wi-Fi itajaa kwenye kioo cha simu, na ukurasa hautafunguka.

Jambo jingine ambalo wenye hoteli hushangaa kulisikia ni idadi ya majina ya mtandao. Kila jina hutangazwa na kila kifaa cha kurushia takriban mara 10 kwa sekunde, na matangazo hayo kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ili simu yoyote iweze kuyasikia. Hoteli yenye jina moja la mgahawa, jingine la bwawa la kuogelea na jingine la kila ghorofa hutumia sehemu ya kutosha ya mawimbi yake kujitangaza. Majina matatu yanatosha: la wageni, la wafanyakazi na la vifaa vya hoteli. Tena jina la wageni liwe moja jengo zima, ili mtu anayetoka chumbani kwenda mgahawani asilazimike kuingia upya. Sambamba na hilo tunazima kasi za zamani za kiwango cha mwaka 1999, kuanzia megabiti 1 hadi 11 kwa sekunde, kwa maana simu moja iliyo mbali na inayotuma kwa kasi hizo hushikilia chaneli muda mrefu huku wenzake wote wakisubiri.

Mtandao unaojaa bila kuonekana

Tuchukue hoteli yenye vyumba 60, kila chumba kikiwa na wageni wawili na kila mgeni akiwa na simu na kompyuta. Hivyo tayari ni vifaa 240, kabla ya kuhesabu walaji wa mgahawani na washiriki wa semina. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na fungu la anwani za IP (namba ambayo kila kifaa hupewa kinapojiunga na mtandao) zisizozidi 254, na mara nyingi kila anwani huazimwa kwa saa 24. Mtu aliyekaa mapokezi kwa dakika tano kumsubiri mwenzake huondoka, na anwani yake hubaki imeshikwa hadi kesho. Jioni mgeni mpya anajiunga, anaona ishara kamili, na hapati kitu. Mfanyakazi anazima ruta na kuiwasha, anwani zinafutwa, mambo yanatengemaa, na desturi ya kuizima kila jioni inazaliwa. Dawa yake ni kupanua fungu hadi anwani 1,022 na kupunguza muda wa kuazima hadi saa chache, na kwa ruta nyingi marekebisho hayo hayadai kununua hata kifaa kimoja.

Kuhusu kasi, video ya ubora wa HD hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde, na mkutano wa video hutumia pungufu ya hapo lakini hudai kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Simu moja inayohifadhi mamia ya picha kwenye seva za mbali inaweza kujaza foleni ya kupakia na kukata mazungumzo ya wageni wengine wote. Kwa hiyo tunaweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, na kuipa ruta kazi ya kupanga foleni ili vipande vidogo vya data za sauti visikwame nyuma ya faili kubwa. Laini huongezwa baada ya hapo, ikiwa vipimo vya usiku bado vinaonyesha imejaa.

Jina tofauti si utenganisho

Katika usalama, swali la kwanza ni moja: simu ya mgeni inaweza kuona nini? Haipaswi kuona seva ya uhifadhi wa vyumba, mashine ya malipo ya kadi, kamera za ulinzi wala mfumo wa kufuli za milango. Tumekuta hoteli zenye jina la Wi-Fi la wageni na jina la ofisi, kila moja na nywila yake, ambazo nyuma ya pazia ni mtandao mmoja. Kulithibitisha hilo ni rahisi: jiunge na Wi-Fi ya wageni, kisha andika kwenye kivinjari anwani ya printa ya ofisini au ya kamera. Ukurasa wake ukifunguka, hakuna utenganisho.

Utenganisho wa kweli hufanywa kwa mitandao pepe inayopita kwenye kebo na swichi zile zile bila kuchanganyika, huku faiawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano, ikiruhusu mtandao wa wageni kwenda intaneti tu. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, nacho hudai kizuizi cha aina hiyo kati ya mtandao wowote usiotumia waya na mahali data za kadi zinapopita. Isisahaulike soketi ya mtandao iliyo ukutani chumbani au kwenye ukumbi wa mikutano; mara nyingi hiyo ndiyo iliyoachwa imeunganishwa na ofisi.

Wageni nao watenganishwe wao kwa wao. Mwezi Novemba 2014 kampuni ya Kaspersky ilieleza kundi la wadukuzi lililopewa jina la DarkHotel, ambalo lilivizia wakuu wa makampuni kupitia mitandao ya hoteli walizofikia: mgeni alijiunga na Wi-Fi, akaonyeshwa sasisho la programu inayojulikana, na sasisho hilo lilikuwa bandia. Katika mashambulizi hayo mtandao wa hoteli wenyewe ndio uliotumika kama mtego, na ndiyo maana nywila za kiwandani za ruta na swichi lazima zibadilishwe siku ya kufunga, na masasisho ya vifaa hivyo yawe na mtu anayewajibika nayo.

Nywila moja iliyobandikwa kaunta mwaka mzima haimlindi mgeni sana. Chini ya WPA2, kiwango cha zamani cha usalama wa Wi-Fi, anayeijua nywila hiyo na kunasa hatua za mwanzo za kuunganishwa kwa simu ya mwenzake anaweza kufumbua usimbaji wa mawasiliano yake kwenye Wi-Fi hiyo; WPA3, mrithi wake iliyotangazwa mwaka 2018, iliziba mwanya huo, ingawa simu za zamani haziielewi na mara nyingi hulazimu kuruhusu zote mbili. Sisi hupendelea nywila ya kila chumba, inayokwisha mgeni anapoondoka. Mfumo huo huviweka vifaa vya chumba kimoja pamoja, kwa hiyo mgeni anaweza kurusha video kutoka simu yake hadi runinga ya chumbani, jambo ambalo utenganisho wa kawaida hulizuia na kuleta malalamiko mapya.

Ukurasa wa kuingilia uwe mfupi. Runinga na vifaa vingi vya michezo haviwezi kuufungua, na tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea anwani tofauti ya kifaa (MAC, ambayo si ile ya IP) kwa kila jina la mtandao, hivyo kumtambua mgeni anayerudi kwa anwani hiyo si jambo la kutegemea. Ukurasa unaodai namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa unaikusanyia hoteli data ambazo itawajibika kuzilinda bila kuzihitaji.

Lipo ombi moja tunalolikataa, nalo ni kuzuia mitandao ambayo wageni huianzisha kwa simu zao wenyewe. Mwaka 2014 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza Marriott faini ya dola 600,000 kwa kufanya hivyo katika hoteli ya Gaylord Opryland mjini Nashville.

Tunachokabidhi

Laini ya pili ya intaneti, ya akiba, inafaa itoke kampuni nyingine na ipite njia nyingine, kwani laini mbili zilizozikwa kwenye mtaro mmoja hukatwa na jembe moja. Ruta na swichi zote ziwe na betri ya akiba, zikiwemo za ghorofani. Siku ya makabidhiano tunachomoa laini kuu mbele ya meneja na kungoja ya pili ishike yenyewe, kisha tunarudia vipimo vya usiku katika vyumba vile vile vilivyolalamikiwa. Mwenye hoteli hupokea ramani ya kebo, orodha ya vifaa, na nywila za usimamizi zilizosajiliwa kwa jina la hoteli yake, ili akitaka kumwita fundi mwingine kesho asihitaji kutuomba ruhusa.