Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Awali ya yote tumshukuru Mungu kwa kutufikisha salama. Shughuli za mwaka mnazijua: semina ya usalama wa barafu, harambee, pikiniki ya familia na safari zetu za uvuvi wa barafu, yaani kuvua kupitia tundu kwenye ziwa lililoganda, hapa jimbo la Minnesota, Marekani. Safari kadhaa ziliahirishwa kwa sababu majira ya baridi ya 2023/24 yalikuwa na joto lisilo la kawaida, na kamati haikuruhusu mtu kukanyaga barafu isiyofika unene wa inchi 4. Hilo halina mjadala.

Lililozua maneno ni uamuzi kwamba katika safari za chama kila mtu abebe sanfishi (samaki wadogo wa maji baridi) 5 tu, ilhali sheria ya jimbo inaruhusu 20. Nimeambiwa nawanyima kitoweo watu waliolipia leseni. Rasimu ya kanuni hiyo niliiandika mimi, kamati ikaipitisha, na ninaisimamia.

Wakati wa baridi sanfishi hujikusanya kwenye vina vya ziwa, na siku hizi mashine ya sona, inayotambua samaki kwa mawimbi ya sauti, inatuonyesha walipo. Juu ya barafu kila mtu anaruhusiwa mishipi 2. Kundi kama letu, kwenye ziwa dogo, linaweza kuwamaliza wakubwa kwa wikendi chache. Hao wakubwa mara nyingi ni madume, na dume ndiye anayechimba kiota na kulinda mayai. Wakiondoka, madume wadogo hubalehe mapema, nguvu inakwenda kwenye uzazi badala ya kukua, na ziwa linabaki na samaki wanaoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kurudisha wakubwa huchukua miaka mingi. Idara ya Maliasili ya jimbo yenyewe, tangu 2021, imekuwa ikiongeza maziwa ambayo kiwango chake cha sanfishi ni 5 au 10. Ziwa letu halimo, lakini sioni kwa nini tungoje liharibike kwanza.

Wengine walisema tuendelee kuvua na kuwaachia. Hapana. Samaki, hasa krapi (jamaa wa sanfishi), akivutwa kutoka kina kinachozidi futi 30, kibofu chake cha hewa hufura, macho yakatoka, mfuko wa tumbo ukachungulia mdomoni. Ukimrudisha tunduni anaelea kiubavu chini ya barafu, na wengi hufa. Kwa hiyo ukitimiza 5, kunja mshipi.

Asitokee mtu kusema uvuvi wa barafu ni mchezo tu. Kwenye Lake of the Woods, ziwa kubwa mpakani na Kanada, watu huvua kwa jumla zaidi ya saa milioni 2 katika majira mengi ya baridi, na mwaka 2019 kiwango cha wolai na sauga (samaki wawili wa jamii moja wanaopendwa kwa kitoweo) kwa pamoja kilishushwa kutoka 8 hadi 6, wolai wasizidi 4. Kwenye ziwa Mille Lacs, wolai wa barafu na wa kiangazi huhesabiwa kwenye fungu moja, yaani uzito unaoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka. Mwaka 2015 fungu lilikuwa pauni 40,000, jimbo 28,600 na makabila ya Ojibwe, wenyeji wa asili, 11,400. Jimbo likamaliza lake, uvuvi wa wolai ukafungwa tarehe 3 Agosti. Wenzetu waliokulia Kisumu wanajua omena hufungwa Aprili hadi Julai, na wao ndio walioniunga mkono mapema.

Kinachoniuma ni kwamba waliopaza sauti kwenye kundi la WhatsApp hawakuonekana kikaoni. Tulikosa akidi, tukaahirisha, tukakosa tena. Waliolipa ada hawafiki nusu ya wanachama. Kodi ya vibanda vya kuvulia juu ya barafu na betri za sona zimetoka mifukoni mwa watu walewale, nami nikiwemo, na wa kwanza kuuliza "gari linaondoka saa ngapi?" ni wale wenye madeni.

Mbele, Mungu akipenda, tunatarajia kuwafundisha vijana kupima na kuandika urefu wa kila samaki, kumwalika mtaalamu wa idara azungumze nasi, na hali ya fedha ikiruhusu, kununua kibanda chetu wenyewe. Kanuni ya samaki 5 inaendelea msimu huu. Mwenye hoja ya kuibadilisha aje nayo kikaoni, ada yake ikiwa imelipwa.

Mwenyekiti