Shukrani kwa mzee wa kalamu

Mzee wangu, shikamoo. Ulinikataza kutaja jina lako, nami naheshimu, lakini kunyamaza siwezi.

Wiki nzima nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni habari za Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani: kwamba mwaka 1913, kiwandani kwake Highland Park, gari lilianza kuvutwa limfuate fundi mahali aliposimama, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja u nusu. Walinakili tu. Ndipo ukaja wewe, uliyeunganisha malori hapa Mombasa miaka mingi, na mfuko wa kalamu za springi.

Kwanza kila mmoja aliunganisha kalamu nzima peke yake. Kisha ukawapanga kwenye madawati: huyu wino, huyu springi, yule kichwa, wa mwisho aijaribu kwenye karatasi. Kazi ikarundikana mbele ya binti wa springi, wenzake wakampigia kelele. Ukawatuliza: "Hana kosa. Kazi yake ni ndefu kuliko zenu." Ukamwongezea msaidizi, rundo likaisha. Hapo wakaona wenyewe kwamba mstari mzima huenda kwa mwendo wa kituo kinachochelewa. Mimi nilikuwa nimelieleza hilo mara tatu, wasilishike.

Yule binti sasa ananiuliza habari za uhandisi kila siku.

Nauli uliikataa, chai ukanywa kikombe kimoja ukawahi adhuhuri. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, baba. Darasa zima linakusalimu.