Mahakamani kanikana, na mtoto wangu anaolewa Disemba

Shikamoo anti, saa tisa usiku hii sijalala, baba watoto anakoroma hapa na mi nahesabu siku. Tangu hukumu isomwe leo ni siku ya 21, na karani kaniambia kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya rufaa ni siku 30, ikipita hapo unaanza kuomba ruhusa ya kuchelewa na wanataka sababu ya maana, sio nilikuwa nalia.

Deni sikatai, hilo nitangulize usije ukaniona tapeli. Nilichukua mali kauli kwa mama mmoja mwenye duka, rafiki yangu huyo, madera na vitenge, jumla 9,400,000. Nimerudisha 3,150,000 kidogo kidogo, zingine mkononi zingine kwenye simu. Hakimu kasema nilipe 9,400,000 yote na gharama za kesi juu, eti kaunta buku lake lina saini yangu ya kuchukua mzigo ila daftari langu la malipo nimejiandikia mwenyewe, yeye hajasaini popote. Sasa anti ningemsainisha vipi mtu ambaye najifungua kitinda mimba kavua kanga yake mwenyewe wodini kanifunga mimi? Na zile za simu nilikuwa natuma kwa namba ya kijana wake wa dukani, namba kanipa yeye, mahakamani likaonekana jina la mtu mwingine na yeye kanyamaza kimya.

Hakimu alimuuliza, huyu mdaiwa ni nani kwako? Akasema mteja. Mteja tu? Mteja tu. Hata hakuniangalia, alikuwa anazungusha pete kidoleni. Miaka 14 anti.

Juzi ndo nimepata taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, maana ile simu ya zamani ilipotea na meseji zote. Kurasa nne, nimepiga kalamu nyekundu kila lilipo jina la yule kijana, mara 11. Kaka yangu anasema kata rufaa huo ndo ushahidi. Jirani aliyewahi kusumbuka na kesi ya kiwanja anasema kwenye rufaa wanasoma yale yale yaliyosemwa kule chini, kitu kipya hakiingii hivi hivi mpaka mahakama yenyewe ikubali kukipokea, na wataniuliza kwa nini sikuleta mwanzo. Niwajibu nini, kwamba sikujua atanikana?

Ndio, kuna kipindi simu zake nilikuwa sipokei. Hela niliweka kwenye bati, mvua ilikuwa inaingia mpaka kitandani, nani angeacha wanawe walowe? Nilijua msimu wa sikukuu nitafidia. Angekuja nyumbani angenywa chai tukayamaliza, yeye kaleta samansi kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, mtaa mzima ukajua kabla yangu.

Baba watoto anasema tuuze kiwanja tulipe yaishe. Alafu kumbe kukata rufaa peke yake hakumzuii dalali wa mahakama, lazima uombe na utekelezaji usimamishwe, kwa hiyo bodaboda ikisimama nje tu nachungulia dirishani. Kiukweli mi hela siitaki, yaani ile 3,150,000 naitaka ni yangu, ila hata hakimu wa Wilaya akinipa yote, ile mteja tu ataifuta nani?

Kuna kingine kidogo, sijui hata kama ni cha kukuuliza. Binti yangu mkubwa anaolewa Disemba na huyu mama ndo somo wake, ndo aliyemfunda. Binti kasema bila somo wake kichen pati hafanyi. Sasa Jumapili mama mwenyewe katuma meseji, salamu hakuna, kaandika "sare rangi gani". Sijajibu. Nikijibu si ataenda kuonyesha mahakamani kwamba tumeshaelewana? Na nikikata rufaa ndo nimemwita mwongo mbele za watu, hapo atakuja kweli kumtoa mwali? Aje asije shauri yake, mi simhitaji. Lakini ile meseji nimeifungua usiku huu sijui mara ya ngapi.

Nijibu kabla ya wiki ijayo kuisha anti, na tafadhali usitaje soko, watanijua. Sare ni zambarau.