Jarida likaguliwe kabla ya makala kutumwa, si siku ya usaili

Mhariri,

Kila msimu wa kupandishwa vyeo katika vyuo vikuu huku Pwani, lawama ni ile ile: wahadhiri hawaandiki, na wanaoandika huchapisha kwa matapeli, wenye majarida yanayotoza ada bila kuihakiki makala. Sisi tunaosoma na kuhariri rasimu za wahadhiri tunaiona kasoro kwingine. Jarida hukaguliwa mwishoni, jopo la usaili likiwa limeshaketi na faili ya mwombaji iko wazi mezani. Wakati huo makala imeshatoka, ada imeshalipwa, na hakuna jarida la heshima litakaloipokea tena kwa kuwa imekwisha kuchapishwa. Ukaguzi huo huo, ukifanywa na mkutubi kabla ya makala kutumwa, huchukua nusu saa.

Mkutubi huanza na ISSN, nambari ya tarakimu nane inayolitambulisha jarida. Hapa wengi hupotea: wanaiona nambari hiyo kwenye jalada wakadhani ni cheti cha ubora. Sicho. Ni kama nambari ya usajili wa gari. Matatu mbovu nayo inayo. Faida yake ni kulitafuta jarida katika orodha bila kukosea, maana majina hufanana, na mengine huigwa makusudi. Orodha ya majarida ya Scopus, hifadhidata ya kimataifa ya machapisho ya kitaaluma, husomwa bure hata na asiyelipia huduma yenyewe, na humo usitazame jina tu, tazama na miaka. Yapo majarida yaliyokuwamo yakaondolewa, lakini tovuti zao zingali zinajinadi kuwa yamo. DOAJ, iliyoanzia Uswidi mwaka 2003, huorodhesha majarida yanayosomwa bure ambayo yamechujwa kwanza. AJOL ya Afrika Kusini imekusanya majarida ya bara letu tangu 1998, na yaliyotathminiwa yakafaulu hupewa nyota, moja hadi tatu. Jarida lisiloonekana popote katika orodha hizi si lazima liwe la kitapeli, ila ni lazima lijieleze.

Baada ya orodha, mkutubi afungue toleo la mwisho la jarida lenyewe. Achukue DOI ya makala moja, yaani nambari yake ya kudumu mtandaoni, aiweke katika doi.org, isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, kuna jambo. Asome tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kukubaliwa chini ya kichwa cha makala. Siku nne kati ya hizo mbili maana yake hakuna mtu aliyeisoma, kwa sababu kumpata mhakiki tu, yaani mtaalamu wa kuipima makala, huweza kuchukua wiki kadhaa. Achague majina mawili ya bodi ya wahariri, ayatafute katika kurasa za vyuo vyao. Wapo maprofesa walioorodheshwa bila wao kujua, na wapo waliokwisha kufariki. Jarida linalochapisha udaktari wa meno, fiqhi na uhandisi wa barabara ndani ya toleo moja halihitaji kuchunguzwa zaidi.

Kuna mtego mwingine ambao hata wazoefu hunaswa nao. Tapeli huchukua jina na ISSN ya jarida la kweli, hasa la zamani lililozoea kuchapishwa kwa karatasi, akalifungulia tovuti yake mwenyewe. Ukikagua jina, utaliona katika orodha zote. Ndiyo maana tunasisitiza: usiingie kwenye jarida kupitia kiungo kilichokuja kwa barua pepe ya kukusifu. Ingia kupitia orodha, kisha ulinganishe anwani za tovuti herufi kwa herufi.

Ada peke yake si dalili ya utapeli. Majarida mengi safi hutoza, na yapo yanayozidi dola 2,000 kwa makala moja. Kinachotofautisha ni kwamba ada ya jarida safi imeandikwa wazi kabla hujatuma, wala haikungoji nyuma ya barua ya kukubaliwa. Wachapishaji wakubwa wengi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zilizo katika orodha ya Research4Life, mpango wa kuzifikishia nchi za kipato cha chini machapisho ya kitaaluma. Ombi hilo huandikwa siku ya kutuma makala. Anayengoja mpaka akubaliwe ndipo alalamike hana fedha, aghalabu hukuta mlango umefungwa.

Na aliyekwisha kunaswa? Kama makala haijatoka, bado ana nafasi, lakini ni ya siku chache. Asitie saini fomu ya hakimiliki, asilipe hata sehemu, aandike barua fupi yenye tarehe akisema anaiondoa makala, na ahifadhi nakala. Matapeli hudai ada ya kuondoa. Haina msingi iwapo hakuna alichotia saini. Wakiichapisha kwa nguvu, barua ile ndiyo ushahidi atakaomwonyesha mhariri wa jarida jingine.

Wapo wanaokwenda kwa matapeli huku wakijua, na tusijifanye hatuwaoni. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: makala isiyohakikiwa haina mzigo. Lakini wengi wa tunaowasoma walianzia kwenye jarida zuri, makala ikarudishwa ndani ya wiki moja bila hata kufika kwa wahakiki, wakakata tamaa. Sababu za kurudishwa huko ni za kawaida mno, na karibu zote hutoka katika kuandika kwanza na kuchagua jarida baadaye.

Chukua tasnifu kuhusu mikoko ya hori ya Tudor. Ina kurasa 200 na maswali matatu: msongamano wa miti, matumizi ya kuni na boriti kwa wakazi, na ukuaji wa miche iliyopandwa. Mwenye haraka huifupisha yote iwe makala moja ya maneno 14,000, wakati jarida linataka 7,000. Mwenye tamaa huikata vipande vitano, kila kipande na jedwali moja. Hapo pana makala mbili. Msongamano na ukuaji wa miche vinakwenda pamoja katika jarida la bahari, kwa mfano lile la Western Indian Ocean Journal of Marine Science linalotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar. Matumizi ya wakazi yanakwenda kwenye jarida la jamii na mazingira. Ile sura ya pili ya tasnifu yenye kurasa 40 za maandishi ya wenzako inabaki aya tatu au nne. Anayesoma jarida hakukuomba uthibitishe kwamba umesoma. Anataka kujua ni pengo gani unaliziba.

Sehemu inayoangusha makala za Pwani kuliko zote ni mbinu za utafiti. "Sampuli za samaki zilinunuliwa sokoni" ni sentensi isiyomsaidia mtu. Ngapi, siku ngapi, saa ngapi, kutoka kwa wavuvi wa nyavu au wa madema, wakati wa kaskazi au kusi, bamvua au maji mafu? Mvuvi wa Likoni angeuliza hayo kabla ya mhakiki wa Ulaya. Nambari ya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, inayotakiwa kwa sheria ya 2013, na ya kibali cha kamati ya maadili ziandikwe hapo hapo. Na tafadhali, watu wanne kati ya 12 ni "wanne kati ya 12". "Asilimia 33.33" inadai uhakika ambao sampuli ndogo hiyo haina.

Mpangilio wa kuandika nao una faida zake. Majedwali na michoro huanza, kisha mbinu, matokeo, mjadala, ndipo utangulizi; ikisiri huwa ya mwisho. Anayeanza na utangulizi huahidi makubwa, halafu matokeo yakashindwa kuzitimiza ahadi hizo.

Marejeleo yapangwe kwa programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, lakini kila rejeleo lifunguliwe na mwandishi mwenyewe. Siku hizi tunakutana na marejeleo yenye jina, mwaka na kurasa, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa duniani: yametungwa na programu za akili mnemba. Mhariri akiona moja tu, hana sababu ya kuendelea kusoma. COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilieleza mwaka 2023 kwamba programu hizo haziwezi kuwekwa kama mwandishi, na mtu aliyezitumia aseme alivyozitumia. Kuhusu Turnitin, programu inayopima ufanano wa maandishi, vyuo viache kuabudu asilimia. Makala yenye asilimia 18 huweza kuwa safi, ufanano wote ukiwa ni majina ya vifaa na tasnifu ya mwandishi mwenyewe iliyohifadhiwa maktabani. Yenye asilimia sita huweza kuwa na aya nzima iliyoibwa. Isomwe ripoti, sio tarakimu.

Halafu kuna barua ambayo tumeona ikizika makala nyingi: ile inayosema marekebisho makubwa yanahitajika. Wengi huisoma kama kukataliwa. Mhariri anayetaka kukukataa husema hivyo, naye hana haja ya kupoteza muda wa wahakiki mara ya pili. Iweke kando siku mbili hasira ipoe, kisha chora jedwali la safu tatu: hoja ya mhakiki neno kwa neno, jibu lako, na ukurasa na mstari ulipobadilisha. Kila hoja ipate nambari, hata ile ya nukta na mkato. Usipokubaliana na mhakiki, mjibu kwa data au kwa rejeleo. Wahakiki wawili wakipingana, mwandikie mhariri akuelekeze, usijaribu kuwafurahisha wote wawili katika aya moja. Muda ukikaribia kwisha, omba nyongeza kabla ya siku yenyewe. Kwa kawaida hutolewa. Ukipita, mfumo huifunga makala na unaanza upya kama mgeni.

Majina ya waandishi yapangwe kwa maandishi kabla ya rasimu ya kwanza. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne na yote hutakiwa kwa pamoja: umechangia utafiti au uchambuzi, umeandika au kurekebisha kwa maana, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa makala. Kuwa mkuu wa idara hakumo. Msimamizi wa mwanafunzi anastahili jina lake anapotimiza masharti hayo, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotaka katika viwango vya 2014 kwamba mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja na wa uzamifu mbili, haikusema msimamizi atangulie.

Tunachokiomba kwa vyuo vya Mombasa na Kilifi si bajeti mpya. Ni fomu ya ukurasa mmoja katika maktaba, yenye jina la jarida, ISSN, orodha liliyomo na tarehe ya kukaguliwa, ada, na saini ya mkutubi. Ijazwe kabla ya kutuma, na jopo la usaili likubali kwamba jarida lililofaulu ukaguzi siku hiyo halitahukumiwa upya hata likiondolewa kwenye orodha mwaka unaofuata. Bila ahadi hiyo mhadhiri hana sababu ya kujaza fomu.

Orodha za kukubalika pia zisiwe Scopus peke yake. Mhadhiri wa Kiswahili anayechapisha katika jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi au katika Swahili Forum la Ujerumani amewaandikia wasomaji wanaoijua kazi yake. Kumlazimisha akatafute jarida la Kiingereza lenye nambari kubwa ya kunukuliwa ni kumsukuma kwenye zile barua pepe za sifa.

Na idara zitenge saa mbili kwa mwezi, mchana ambao hauna vipindi, wahadhiri wasomeane rasimu: nakala itumwe siku saba kabla, mwandishi anyamaze dakika 30 za mwanzo akiandika tu, kisha ndipo aulize. Atakayetaka kujitetea kabla ya dakika hizo kwisha aletewe kahawa chungu.

Wahariri wa rasimu za kitaaluma,
Tudor, Mombasa