Sarafu za kumbukumbu za AFCON 2027 zipigiwe hesabu mapema

Mhariri,

Kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za AFCON 2027, naomba nafasi nieleze jinsi sarafu za kumbukumbu zinavyoweza kuchangia mashindano makubwa, na jinsi zinavyoweza kuitia hazina hasara. Njia hii imetumika kwingine kwa zaidi ya miaka 50, na makosa yake yanajulikana.

Pesa hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni tofauti kati ya thamani iliyoandikwa kwenye sarafu na gharama ya kuitengeneza. Ujerumani Magharibi ilifanya hivyo kwa Olimpiki ya Munich ya 1972. Ilifua sarafu milioni 100 za marki 10, kila moja ikiwa na gramu 15.5, na madini ya fedha asilimia 62.5. Ndani yake basi mna gramu 9.7 tu za fedha tupu, ambazo kwa bei ya wakati ule hazikufika marki 3. Mwananchi alitoa marki 10 kamili, na sehemu kubwa ya tofauti ikaenda kwenye Olimpiki.

Lakini sarafu ya namna hiyo ni deni. Ni pesa halali, kwa hiyo aliyeinunua anaweza kuirudisha benki akadai thamani yake. Mpaka leo Benki Kuu ya Ujerumani hupokea sarafu za marki na kulipa yuro 5.11 kwa kila marki 10. Faida inayoonekana mwaka wa mashindano inaweza kudaiwa miaka mingi baadaye, na hesabu za benki kuu lazima ziwe na nafasi ya kulibeba deni hilo.

Canada ilikosea upande wa pili. Kwa ajili ya Montreal 1976 ilitoa aina 28 za sarafu za fedha, za dola 5 na za dola 10. Ile ya dola 10 ina uzito wa gramu 48.6, na karibu gramu 45 kati ya hizo ni fedha tupu. Madini pekee yalimeza sehemu kubwa ya zile dola 10 kabla hata ya kuhesabu kazi, vifungashio na usafirishaji. Bei ya fedha ilipokaribia dola 50 za Marekani kwa aunsi mnamo Januari 1980, sarafu hizo zikawa na thamani kubwa zaidi zikiyeyushwa kuliko zikitunzwa.

Njia ya pili ni nyongeza. Sarafu huuzwa kwa bei inayofidia gharama zote, kisha juu yake hupachikwa kiasi maalumu cha kwenda kwa waandaaji. Marekani ilifanya hivyo kwa Los Angeles 1984. Rasimu ya awali ilitaka aina zaidi ya 20, ziuzwe na kampuni binafsi. Mbunge Frank Annunzio aliipinga, na sheria iliyopita mwaka 1982 ikaruhusu aina tatu tu: dola ya fedha ya 1983, nyingine ya 1984, na dola 10 ya dhahabu. Kiwanda cha serikali kiliziuza chenyewe. Nyongeza iliandikwa ndani ya sheria, dola 10 kwa kila sarafu ya fedha na dola 50 kwa ya dhahabu, na zikapatikana zaidi ya dola milioni 73. Kwangu mimi huo ndio mfano bora kuliko yote. Mnunuzi alijua anachangia kiasi gani, na hakuna dalali aliyesimama katikati.

Miaka 12 baadaye funzo hilo lilisahauliwa. Kwa Atlanta 1996 zilitolewa aina 16, kila moja kwa umaliziaji wa aina mbili, wa kawaida na wa kung'arishwa, yaani matoleo 32. Wakusanyaji walichoka. Dola ya mwanariadha wa kiti cha magurudumu, kwa umaliziaji wa kawaida, iliuzwa 14,497 tu, ilhali dola ya 1983 ya kung'arishwa peke yake ilikuwa imepita milioni 1.5. Leo ile ya Atlanta inatafutwa kwa bei ya juu kwa sababu ni adimu, lakini faida hiyo ni ya anayeiuza sasa. Wanamichezo hawapati chochote katika mauzo ya mkono wa pili.

Kwa nini aina nyingi huleta hasara? Kila aina inahitaji mchoro wake na mihuri yake miwili ya kupigia, mmoja kwa kila uso. Kwa sarafu ya kung'arishwa, mihuri na visahani vitupu husuguliwa kwanza, na kila kisahani hupigwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo mihuri huchakaa haraka. Gharama za mwanzo hazipungui hata wanunuzi wakiwa wachache. Tuseme, kwa mfano tu, kila aina ina gharama za mwanzo za shilingi milioni 40 na kila sarafu inaacha ziada ya shilingi 20,000. Wanunuzi 2,000 wa kwanza watakuwa wanazifidia gharama hizo tu. Kwa aina 10, ni mauzo 20,000 kabla timu haijaona hata senti.

Kombe la Dunia la 1994, lililochezwa Marekani, lilionyesha ubaya mwingine. Sheria iliruhusu dola za fedha milioni 5, lakini zilizouzwa hazikufika 700,000. Waandaaji walipata nyongeza yao huku kiwanda cha serikali kikipata hasara. Ndipo sheria ya 1996 ikaagiza kwamba kuanzia 1999 zisizidi kumbukumbu mbili kwa mwaka, dola za fedha zisizidi 500,000 kwa kila moja, na asilipwe mtu nyongeza mpaka gharama zote zirudi. Mpokeaji naye sharti achangishe pesa zake kwanza.

Kwetu uzoefu upo. Tanzania ilitoa shilingi 20 ya miaka 20 ya Uhuru mwaka 1981, Kenya shilingi 40 mwaka 2003, Uganda shilingi 1,000 mwaka 2012. Hizo ziliingia mikononi mwa watu kama pesa za kawaida. Sarafu ya kuchangisha ni biashara nyingine, tena sisi sote watatu hatuna kiwanda cha kufua sarafu, hivyo bima na usafirishaji kutoka nje viingizwe kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Nashauri aina moja ya fedha kwa kila nchi, basi, zote tatu zikiwa na uso mmoja wa pamoja. Maneno ya uso huo yakubaliwe kwa maandishi kabla ya kuchonga mihuri. Ujerumani iliandika kwamba michezo iko “Deutschland” (Ujerumani), Ujerumani Mashariki ikalalamika kwa kuwa Olimpiki hupewa mji, na maandishi yakabadilishwa kuwa “München” (Munich) baada ya sarafu milioni 10 kutoka. Nembo ya mashindano nayo ni mali ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na ruhusa yake ichukuliwe kabla ya mchoro kupitishwa.

Oda zipokelewe kwa malipo ya awali hadi tarehe itakayotangazwa, ndipo idadi ipelekwe kiwandani. Muda ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana mauzo hupungua mara kipenga cha mwisho kinapolia. Munich ilianza kuuza miaka miwili kabla, Montreal mitatu.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga