Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Mrudishieni mama medali ya rubani wake

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha hazijibiwi.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mama alikaa mbele ya runinga tangu asubuhi. Mkuki na ngao vikawekwa, sime ikawekwa, mashada, dua. Mtangazaji akasimulia Vita vya Kagera, mizinga na daraja la Kyaka, tukashukuru. Marubani? Hata nusu sentensi.

Baba alirusha ndege ya kivita, MiG, kutoka Mwanza wakati wa vita hiyo na nduli Idi Amin wa Uganda. Alivishwa medali ya Kagera, na baadaye ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Alipofariki, ofisi moja (siitaji, wanajijua) ilimtaka mjane apeleke medali na vyeti kwa ajili ya uhakiki. Nakala walizikataa, wakataka vyenyewe. Akawapa. Tangu siku hiyo faili “linafanyiwa kazi”. Na juzi, baada ya sherehe zenu, kijana wa mapokezi kamuuliza mama kama ana uhakika mumewe alipigana, maana vita ile, kwa elimu yake, ilikuwa ya askari wa miguu.

Naomba mumweleze. Ndege za Amin ziliipiga Bukoba kabla wengi hawajajua kuna vita. Novemba 1978 ndege zetu tatu zilidunguliwa Musoma, na waliozidungua ni wenzetu, kwa makosa. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kuishambulia Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwa wanyama. (Wazee wa Mwanza bado wanawacheka Walibya.) Ndege zetu zikajibu kwa kupiga ndani ya Uganda. Sasa hizo zilikuwa zinajiendesha?

Mimi nahisi ni aibu ya Musoma. Nahisi mtu fulani aliona afadhali habari za anga zikae kimya zote kuliko kueleza ile. Kama nimekosea, nisahihishe, Mheshimiwa, nitafurahi mno kupata jibu lolote lenye muhuri wako.

Mwalimu Nyerere, tarehe 2 Novemba 1978, alisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kumpiga Amin ilikuwa kazi kubwa. Hapa tunaongelea kufungua kabati.

Nilitaka kudai mengi: majina ya marubani yasomwe Julai, wajane wapewe viti, watoto wafundishwe shuleni. Hayo fanyeni mkipata nafasi. Mama ana presha, miguu inamvimba, na nauli ya kwenda kuambiwa “njoo wiki ijayo” imekwisha. Naomba medali. Kama ipo, mpeni. Kama imepotea, andikeni kwamba imepotea, mtaje aliyeipokea, mgonge muhuri. Lakini msimuulize tena kama mumewe alipigana.

Medali tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Mtoto wa rubani, Mwanza